Sura ya Saba: Maiti Isiyongoja Wajomba

Chance, fundi wa simu, aliweka viganja vyake viwili juu ya meza ya kioo, katikati ya simu zilizofumuliwa matumbo, akawa kama mtu anayewaonyesha polisi kwamba hana kisu.

"Mama Mujinga, unitazame mu macho. Mi nilibadilisha paka kioo tu. Hadisi ya Najma, ningeisoma wapi? Simu ilikuwa imekufa!"

Mujinga alimtazama machoni kama alivyoombwa. Hakuwa na haraka. Watu wa mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi, husema kwamba ukitaka kumficha Mujinga jambo, usilifiche. Mwambie yote kwa mbio, labda litampita.

"Simu ilikaa kwako siku ngapi?"

"Juma nzima. Kioo kilikuwa kinatoka Kasumbalesa, ku mupaka."

"Na ile juma, Najma alikuwa anaandika na nini?"

"Na simu ya mama yake. Njo ye mwenyewe aliniambia, akinitukana juu ya kuchelewa."

Mujinga akatikisa kichwa polepole. Juma lile lile ambalo simu ya Najma ilikuwa vipande vipande katika kibanda hiki, Donat, aliyedai hadithi ni yake, aliendelea kuitoa kwenye ukurasa wake wa mtandao, na kila sehemu ilitoka baada ya ile ya Najma. Basi mwizi hakuhitaji simu ya Najma. Alihitaji macho tu, kama msomaji mwingine yeyote. Kibanda cha Chance kilikuwa njia isiyofika popote, na asubuhi ilikuwa imekwenda nayo.

"Bon. Rudisha mikono ku kazi," alisema. "Haukuiba."

"Vraiment? Basi uniombe pardon."

"Pardon. Lakini juma nzima kwa kioo kimoja, ile njo wizi ingine."

Chance alicheka mpaka bisibisi ikamwanguka.

Ofisi ya Mujinga ilikuwa juu ya duka la fundi cherehani, na ngazi zake zilikuwa za nje, za chuma, zenye kelele. Hakuna mteja aliyewahi kuzipanda bila yeye kujua ana uzito gani na ana hasira kiasi gani. Zamani alikuwa mpelelezi wa polisi. Alipochoka kutafuta magari yaliyokwisha vuka mpaka, akafungua ofisi hii, na tangu hapo alitafuta vitu ambavyo bado vilikuwa mjini.

Najma alikuwa amekwisha fika, ameketi, mtandio kichwani, mikono mapajani. Alikuwa msichana wa familia ya Kiislamu ya Maniema iliyokaa Kamalondo tangu enzi za babu yake, watu wa kuuza vitambaa na kushona kofia. Mchana alimsaidia baba yake dukani. Jioni aliandika. Hadithi yake, *Mapazia ya Zaituni*, aliitoa kwenye ukurasa wake wa mtandao sehemu kwa sehemu, na watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliisoma wakigombana katika maoni kama watu walio kwenye kilio cha jirani.

Halafu Donat akaichukua. Ukurasa wa Donat ulikuwa mkubwa, na wafuasi wake walikuwa wengi kuliko viti vya uwanja wa mpira. Hadithi ilitoka kule kwa jina la *Mapazia ya Benita*, na Najma alipolalamika, Donat alimtangulia: aliwaandikia wenye mtandao kwamba ni Najma anayemwibia. Ukurasa wa Najma ukafungwa. Ungefunguliwa siku mlalamikaji atakapoondoa malalamiko yake, au siku mahakama itakaposema, na mahakama haijulikani itasema lini.

Lakini lililowaharakisha leo lilikuwa jambo jingine. Saa tisa alasiri, katika mtaa wa Golf, Madame Gaëlle, mwenye studio ya michezo ya redio, alikuwa atie sahihi mkataba na Donat. Sahihi hiyo ikikauka, Zaituni, mjane wa hadithi, atasikika katika kila jiko la Katanga, na mwenye kumzaa atakuwa Donat.

"Si Chance," alisema Mujinga, akihema kwa sababu ya ngazi. "Donat hakuingia mu simu yako. Alisoma ukurasa wako kama bantu bote, akakopi."

"Na shangazi Asha? Picha zake hazina kazi?"

Shangazi Asha aliuza samaki wakavu huko Pweto. Kwa kuwa mtandao wa Pweto huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, alikuwa na desturi ya kuhifadhi kila sehemu katika simu mara itokapo, aisome baadaye akiwa kwenye meza yake ya samaki. Mujinga alimwomba picha za skrini zote, pamoja na anwani ya ukurasa na tarehe. Zote zilitangulia za Donat. Jana Mujinga alizipeleka kwa Madame Gaëlle, na Donat alijibu bila hata kukohoa: kweli, Najma alitangulia kuchapisha, lakini alikuwa amekuja katika mafunzo ya uandishi ya Donat ya Jumamosi, akamsikia akisoma hadithi hiyo kwa sauti, akakimbia nayo.

"Ulienda kule kweli?"

"Nilienda. Alitufundisha kuweka picha muzuri juu ya ukurasa. Hadisi, hakusoma hata moja."

"Basi neno lake, na neno lako. Tarehe inaonyesha nani alichapisha mbele. Haionyeshe nani aliumba. Na sheria inauliza paka ile tu: nani aliumba?"

"Mi njo niliumba!"

"Najua. Lakini mi siko juge wa mahakama, mwanangu. Niko muntu wa kupanda ngazi." Mujinga akavuta kiti. "Ya Donat uliisha kuisoma yote?"

Najma akatazama sakafu. "Mistari ya kwanza tu. Nikaona Zaituni yangu banamuita Benita. Nikafunga. Ni kama kuona muntu usiyemujua amevaa nguo ya mama yako, anapita nayo ku barabara."

"Mi nitaisoma basi. We ukae."

Mujinga alikuwa amezitoa hadithi zote mbili kwenye karatasi, ya Najma kutoka picha za Shangazi Asha. Akazilaza mezani bega kwa bega, akaanza kusoma mstari wa huku, mstari wa kule, kidole cha kushoto na kidole cha kulia vikishuka pamoja. Chini, cherehani ya fundi ilikwenda, ikasimama, ikaenda. Donat alikuwa amefanya kazi yake kwa bidii. Ramazani, mume wa Zaituni, alikuwa Papa Ambroise. Msikiti ulikuwa kanisa. Imamu alikuwa padri. Kila jina lilikuwa limevuliwa kofia na kuvishwa rozari.

Kisha vidole vya Mujinga vikasimama. Akasoma tena. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Najma akadhani analia.

"Mama Mujinga?"

"Sikiliza," alisema Mujinga, akijifuta macho. Akasoma ya Donat kwa sauti:

"*Papa Ambroise alikata roho alfajiri, na jua la utosi halikumkuta nyumbani. Walimwosha nyuma ya pazia, wakamfunga nguo nyeupe. Padri akawapanga watu mistari, wakamwombea wima, bila goti hata moja kugusa chini. Wanaume wakambeba mabegani. Benita akabaki ndani na wanawake, akisikia hatua zikiisha barabarani.*"

"Ni yangu," alisema Najma. "Neno kwa neno. Isipokuwa majina."

"Njo ile! Isipokuwa majina. Ukurasa wa kwanza Donat ameandika Papa Ambroise iko Mukatoliki wa Kasai, muimbishaji wa kwaya ya paroisse. Sasa uniambie, Mukatoliki wa Kasai anakufa alfajiri, saa sita ya muchana iko mu udongo? Morgue iko wapi? Sanduku iko wapi? Viti na bâche ya kukinga jua ku barabara? Bajomba ya Mbuji-Mayi, kule Kasai, hata simu haijabalilia! Bangekuja, bangemuchimbua, bangeanza kilio upya!"

Najma aliivuta karatasi kwake. "Kwetu njo vile tunazikaka. Sikuifikiria hata."

"Njo hivyo. We haukufikiri wakati wa kuandika. Ye hakufikiri wakati wa kubadilisha."

Mujinga alilijua hilo kwa sababu ya mama yake. Mama yake Mujinga alifika Kamalondo kutoka Kasai akiwa bi harusi, na jirani wa kwanza kufariki alikuwa mzee wa Kiislamu, nyumba ya pili. Mama akasema, leo tuwaache walie, kesho nitakwenda kwa heshima. Kesho yake akavaa kitambaa cheusi, akabeba unga na sufuria kubwa, akaenda kulala na wafiwa. Alikuta mzee amezikwa tangu jana, na watu wanakunywa chai. Mwaka mzima mama alisema: bale bantu balituficha maiti. Mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kufika kila msiba wa mtaa ule, na Mujinga mdogo alikuwa nyuma yake, akitazama kila kitu.

Akageuza kurasa. Sasa alijua anachotafuta, na mtu akijua anachotafuta kidole chake hakichoki. Mjane anakaa ndani. Mjane hatoki. Shemeji anapita kila asubuhi mbele ya nyumba, akitazama mapazia.

"Najma. Huyu shemeji, anatafuta nini ku dirisha?"

Najma alimwambia. Mujinga akakusanya karatasi zote, akasimama.

"Vaa viatu. Tunaenda Golf."

Studio ya Madame Gaëlle ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba kubwa yenye bustani iliyokatwa vizuri, na kuta zake zilibandikwa sponji nyeusi mpaka sauti ya mtu ilitoka kavu, bila mwangwi. Gaëlle alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, miwani kwenye nywele, miwani mingine machoni. Donat alikuwa amekwisha keti, shati lake la kitenge limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekata mkate. Mkataba ulikuwa mezani. Kalamu ilikuwa juu ya mkataba.

"Madame Mujinga," alisema Gaëlle, "jana niliona tarehe zako. Papa Donat alizijibu. Mi ningefanya nini tena?"

"Haukukosa, Madame. Leo sina tarehe. Niko na maulizo ya musomaji tu, kama Papa Donat anakubali."

"Mais avec plaisir, kwa furaha, maman!" Donat akampisha kiti. Kwa Najma alitikisa kichwa kwa heshima, lakini macho yake yalipita juu ya mtandio wake. "Basomaji njo bwana wangu."

"Félicitations, hongera kwanza. Hadisi inanishika. Nilipenda sana kilio ya Papa Ambroise."

"Ah, kilio! Bantu bengi balilia pale."

"Papa Ambroise iko muntu wa wapi?"

"Wa Kasai. Mukatoliki wa kweli, muimbishaji. Kama babu yangu mwenyewe."

"Mungu amulaze muzuri. Babu mulimuzika siku ile ile?"

Donat alicheka. "Babu? Tulingoja bajomba. Tulingoja yaya, ndugu yangu mukubwa wa Ulaya, ndege ikachelewa. Babu alikaa ku morgue mpaka bakatuzoea."

"Papa Ambroise hakuwa na bajomba?"

Cheko likabaki usoni mwa Donat, lakini halikuwa na mwenyewe tena. Gaëlle aliinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Alikuwa nabo. Mais... ilikuwa kolera, maman. Kwa kolera banazikaka mbio."

"Ah, kolera. Muzuri. Mu hadisi nzima hakuna muntu anaharisha, lakini tuseme kolera. Sasa muntu wa kolera, jamaa banamuosha na mikono yabo nyuma ya pazia?"

"Ni fiction, maman, ya kubuni tu."

"Na padri anaombea maiti, hakuna anayepiga goti?"

"Kanisa ilikuwa... ilijaa. Goti ungeweka wapi?"

Gaëlle alikohoa ndani ya kiganja chake. Kikohozi kile kilikuwa na meno.

"Kweli, nafasi ni shida," alisema Mujinga kwa upole. "Na banamuke banabaki nyumbani, hakuna hata mumoja anayefika ku kaburi. Mama yako, siku ya babu, alibaki nyumbani?"

"Mama?" Donat hata hakungoja, kumbukumbu ilimtoka yenyewe. "Mama alitaka kuruka mu shimo! Bantu bane balimushika, kiatu chake kikaangu..."

Chumba kile cha sponji kilimeza sauti yake yote.

Mujinga hakumkimbilia. Alipanga karatasi zake, akazigonga mezani ziwe sawa. "Ulizo ya mwisho, nakuacha. Benita anajifungia ndani. Hatoki, hajipambi, muchumba akija anarudishwa. Na iko siku moja ataoga, atavaa, atafungua mulango, na bantu bote ba mutaa banaihesabia. Nini inamufungia? Na nini itamufungua?"

"Huzuni," alisema Donat taratibu.

"Huzuni inajua kalenda?"

Donat akatazama kalamu iliyokuwa juu ya mkataba, kama inayoweza kumjibia.

"Najma," alisema Mujinga, "umwambie Madame."

Najma alikuwa hajasema neno tangu aingie. Alianza kwa sauti ndogo, halafu sauti ikapata miguu. "Iko eda. Kwetu bwana akifa, bibi anangoja wakati uliowekwa. Hatoki ovyo, hajipambi, haolewi. Ni juu ya heshima ya marehemu, na tena ijulikane kama alimuacha na mimba. Zaituni hajazaa. Akitoka mu eda bila mimba, mu nyumba na duka anapata robo tu, ingine yote shemeji anaweza kuvuta. Lakini kama iko mutoto, mutoto njo anarithi mbele yake. Njo maana shemeji anapita kila asubuhi. Mapazia yakifungwa anafikiri, amelala, anatapika, iko na mimba. Yakifunguliwa anapumua."

Gaëlle alivua miwani yote miwili. "Njo ile! Tangu mwanzo najiuliza, ule shemeji anatafuta nini ku dirisha? Nilifikiri iko muchawi." Akamgeukia Donat. "Nilikuuliza juma iliyopita. Ukaniambia ni mystère, ni fumbo."

"Mapazia iko mu titre, mu jina ya hadisi, Papa Donat," alisema Mujinga. "Muntu aliyejenga nyumba anajua juu ya nini mulango iko pale."

Donat aliisukuma kalamu mbali na mkataba. Alipoanza kusema, hakuwa tena na sauti ya ukurasani.

"Nilibadilisha majina. Nilifikiri nimebadilisha hadisi." Akajipangusa paji la uso. "Bantu bangu banafungua ukurasa kila asubuhi, banataka kitu. Mi nilikuwa nimeisha. Nikaona ya Najma, nikasema nitakopa moja. Kisha bakaomba ingine."

"Na ile ya mafunzo? Kwamba alikusikia ukisoma?"

"Bongo. Nilisema uongo."

"Na malalamiko?"

"Madame alipoandika kwangu akitaka hadisi, niliogopa. Nikasema, nikifunga mulango ya Najma, hakuna atakayeuliza." Akamgeukia msichana, na safari hii alimtazama usoni. "Najma, dada yangu, nilikukosea."

"Ulinikosea sana," alisema Najma. Hakusema "si kitu", kwa sababu kilikuwa kitu.

Mujinga hakuwa mtu wa kuacha ungamo lipoe. Alimketisha Donat na simu yake, wakafanya kazi kwa utaratibu. Kwanza Mujinga alipiga picha kila sehemu ya hadithi kwenye ukurasa wa Donat, kama ilivyo, maana mtu akishafuta, ushahidi huenda na uchafu. Pili, Donat aliondoa malalamiko yake, na Mujinga akaisoma skrini mpaka neno la mwisho ndipo akamruhusu kubonyeza. Tatu, tangazo. Donat aliandika: *Ikiwa kuna mtu aliyeumia...*

"Futa," alisema Mujinga. "Hakuna 'ikiwa'. Muntu iko hapa, ameketi."

Akaandika upya: *Hadithi mliyoisoma hapa si yangu. Ni ya Najma, inaitwa Mapazia ya Zaituni. Niliichukua bila ruhusa, nikamsingizia. Rudini kwake.* Akabonyeza. Ndipo akafuta sehemu moja baada ya nyingine, na simu yake ikaanza kulia maoni kama mahindi kwenye kikaango.

Gaëlle aliugeuza mkataba uso chini. "Mademoiselle Najma, ninataka hadisi hii. Na eda yake, na imamu wake, na majina yake yote. Nitaandika mukataba ingine."

Watu wengi wangelia hapo, au wangeishika kalamu. Najma alikunja mtandio wake begani. "Uandike, Madame. Nitaenda nayo nyumbani, niisome na baba. Mama Mujinga pia ataisoma. Kisha nitarudi."

"Hivyo njo inafaa," alisema Gaëlle, na alionekana kufurahi kuliko mtu aliyekubaliwa.

Mlangoni Donat aliwafuata. Mikunjo ya shati lake ilikuwa imelegea. Alisimama kama mtu aliyesahau kitu ndani, akakikumbuka, akaona haya kukitaja.

"Najma. Tangu ukurasa wako ufungwe, mi pia sijue kitu. Bantu bananiuliza, siwezi kulala." Akashusha sauti. "Zaituni iko na mimba, ao haiko?"

Najma alimtazama. Tangu ukurasa wake ufungwe hakuwa amecheka, na sasa kicheko kilimjia chote pamoja, mpaka akashika ukuta wa bustani.

"Papa Donat! Utaisoma na bengine."

Walitoka, wakashuka barabara yenye kivuli kuelekea mahali pa teksi. Mujinga alikwenda mkoba kwapani, kwa mwendo wa mtu aliyemaliza kazi yake. Hatua chache tu. Halafu akakohoa.

"Lakini mi, Najma. Mi nilikupigania. Iko na mimba, ao?"

"Hata weye utangoja, Mama Mujinga," alisema Najma. "Hata mama yangu hajue."